Ng'ombe Hatambuliwi kwa Pembe na Mkia

Ng'ombe hatambuliwi kwa pembe na mkia. Mmemsikia Sechelela pale kibandani akimwambia hivyo yule kijana mwenye haraka ya kutuma pesa zake kwa simu, nanyi mkacheka, mkadhani mama wa watu amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Mimi nimekuwa mnadi wa mnada wa Chilangwa kwa miaka ishirini na sita, na methali hiyo ilizaliwa nikiwapo. Kaeni basi, hizo simu ziwekeni mfukoni kwa muda, niwaambie ilivyokuwa.

Sechelela ana kaka yake anaitwa Ndahani. Katika watu wote waliowahi kuswaga ng'ombe kuja mnadani kwetu, sijaona mwenye jicho kama lake. Mazizi ya mnada mnayajua, yamezungushiwa mbao ndefu, na aliye nje huona pembe upande huu na mikia upande ule, basi. Ndahani alikuwa akisimama nje, mikono mgongoni, anasema, “Yule ni mtamba wa kina Chalo, aliuzwa masika yaliyopita.” Ukifungua lango, ndiye. Watu walimpigia makofi, na makofi aliyapenda. Nani hapendi sifa?

Mwaka methali hiyo ilipozaliwa, kiangazi kiliwahi kuja. Kisima kirefu tulikuwa nacho, lakini pampu yake ilikuwa ya mkono. Ilitosha ndoo za nyumbani, haikutosha mifugo. Ng'ombe walitembea saa nne kwenda mtoni na saa nne kurudi, na ndama wakaanza kuanguka njiani. Kaya kumi na mbili zikaungana, kila moja ikauza dume mmoja, ili wanunue pampu inayotumia jua. Fedha wakamkabidhi Ndahani, kwa kuwa hakuna aliyeaminika kuliko yeye, na Sechelela wakampa daftari la kikundi.

Muuzaji wa pampu alikuwa Uchina. Kijiji cha jirani walishanunua kwake, na mzigo ukafika. Yeye alitaka dola za mtandaoni, zile sarafu zinazokaa kwenye simu na kuvuka mipaka bila kupita benki. Sasa hapa msinielewe vibaya: Ndahani hakuwa mjinga. Alipanda basi akaenda Dodoma kwa Bwana Chidawali, ambaye kazi yake ni kuuza sarafu hizo, akakaa naye siku mbili anafundishwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Chidawali alimwambia kuwa pochi ya mtandaoni, yaani mahali sarafu zinapokaa kwenye simu, ina maneno yake ya siri kumi na mawili. Ayaandike kwenye karatasi, asiyapige picha, asimpe mtu yeyote, hata anayejiita afisa wa pochi yenyewe. Ndahani akasema, “Nimekuelewa. Hiyo ni kamba ya ng'ombe. Anayeishika ndiye anayeondoka naye.” Akaambiwa pia asianze na fungu kubwa. Akanunua kwanza sarafu za bei ya jogoo, akazituma kwa Chidawali, Chidawali akamrudishia, wakarudia hivyo mpaka vidole vikazoea. Mwisho akaonywa kwamba watatokea watu wa kumwahidi faida maradufu kwa wiki. Mmoja akatokea kweli siku ya tatu, kwa ujumbe, ameambatisha na picha ya gari jipya. Ndahani akamwandikia, “Ng'ombe wangu aliye bora huzaa mara moja kwa mwaka, tena ndama mmoja. Huyo wa kwako mle mwenyewe.” Akamzuia asiandike tena.

Kilichobaki kilikuwa anwani. Kila pochi ina anwani yake ya kupokelea, nayo ni mstari wa herufi na tarakimu thelathini na nne, zimepangwa ovyo, hazisomeki kama neno. Ndahani akauliza, “Na hizi zote husomwa?”

Siku hiyo wateja walikuwa wamejaa mlangoni. Chidawali akamjibu huku anawatazama wao. “Wengi wetu huangalia nne za mwanzo na nne za mwisho. Zikilingana, unatuma.”

Ndahani akafurahi mno. Aliona amefika nyumbani, maana hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Aliporudi Chilangwa, Mchina akatuma anwani yake, na Sechelela akainakili daftarini herufi kwa herufi, kwa kalamu. Ndahani akatanguliza dola kumi za majaribio, kama alivyofundishwa. Haukupita muda Mchina akajibu kwamba amezipata. Mpaka hapo mambo yalikuwa safi, na hata mimi ningempigia makofi.

Kumbe njia ya sarafu hizo iko wazi kama uwanja wa mnada. Jina lako halionekani, lakini yeyote anaweza kuona kwamba anwani hii imetuma kwa anwani ile. Na wapo wezi ambao kazi yao ni kukaa na kutazama tu. Mmoja wao aliona zile dola kumi zikipita, akajua mbuzi akitangulizwa, nyuma kuna kundi. Akatumia mashine zake zikamtengenezea anwani ambayo herufi nne za mwanzo ni zile zile za Mchina, na nne za mwisho ni zile zile, katikati ni nyingine kabisa. Kisha kutoka kwenye anwani hiyo akamtumia Ndahani visenti ambavyo havinunui hata kiberiti. Maneno ya siri hakuyaomba, wala hakupiga simu. Alichotaka ni anwani yake ikae juu kabisa kwenye orodha ya miamala kwenye simu ya Ndahani, isubiri.

Ndahani alipoviona visenti akacheka. “Mchina huyu mwaminifu,” akamwambia dada yake. “Amenirudishia chenji.”

Wakakubaliana atume Ijumaa, siku ya mnada, watu wote wakiwapo. Saa nne asubuhi Ndahani akakaa kwenye benchi la mama lishe, akafungua simu. Kuandika upya herufi thelathini na nne aliona ni kujitesa. Akaingia kwenye orodha, akagusa anwani ya juu, akainakili.

“Kaka, isome tulinganishe na daftari,” Sechelela akasema.

“Nimeshaangalia. Mbele sawa, nyuma sawa.”

“Na katikati?”

“Sechelela, umewahi kuniona nikimkosea ng'ombe?”

Hakuwahi. Kaka yake hakuwa anajisifu uongo. Lakini moyo wake haukutulia, akasema, “Basi tuma nusu. Nusu nyingine uitume Mchina akishajibu.” Ndahani alikasirika kidogo, akaona anatiliwa shaka mbele za watu, ila kumkatalia dada jambo dogo kama hilo ingekuwa aibu kubwa zaidi. Akatuma nusu. Madume sita wakaondoka kwa kugusa kidole.

Simu ikaandika kwamba muamala umekamilika. Wakamwandikia Mchina. Akajibu kwamba hajapata kitu. Wakasubiri, wakanywa chai, wakamwandikia tena. Akajibu yale yale, na akaongeza kwamba zile dola kumi za mwanzo ziliingia upesi, hizi anashangaa.

Sechelela akafungua daftari, akaanza kusoma. Herufi nne za kwanza zikalingana.

“Ya tano,” akasema. “Mimi nina K.”

Ndahani akaisogeza simu karibu na macho. “Hapa ni saba.”

“Ya sita nina moja, halafu herufi ya d ndogo.”

“Sina.”

Wakaendelea. Hakuna iliyolingana tena mpaka walipofika zile nne za mwisho. Ndahani aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na hofu ikamshika, kwa kuwa nusu ya maji ya kaya kumi na mbili ilikuwa imekwenda kwa mtu asiyemjua.

Akampigia Chidawali, akauliza ni nani wa kumlilia arudishe. Chidawali akamwambia ukweli. Huko hakuna meneja wala dirisha la malalamiko, na kilichotumwa kimetumwa. Akamwambia atoe taarifa polisi, na hilo Ndahani alilifanya. Halafu Chidawali akasema jambo linalonifanya nimheshimu mpaka leo. Alisema, “Kaka, nilikufundisha nusu. Kosa lako lina mkono wangu.”

Jioni ile ile Ndahani akaandika habari yake kwenye kundi moja la mtandaoni, akiomba ushauri. Haraka sana akatokea mtaalamu wa kurudisha sarafu zilizoibiwa. Alimwita “mzee wangu,” akampa pole nyingi, akasema anazijua nyayo za mwizi yule, alipwe tu dola mia mbili za kuanzia kazi. Ndahani alitaka sana iwe kweli. Aliishika simu mkononi muda mrefu, kidole kinakwenda na kurudi. Mwishowe akamwita Sechelela, akamwonyesha, akasema mwenyewe kabla dada hajafungua mdomo, “Mtu anayewajua ng'ombe wangu walipo, na hasemi mpaka nimlipe, huyo ndiye anayewaswaga.” Akaufuta ujumbe.

Kesho yake akaita kikundi. Hakumsingizia Mchina, hakumsingizia Chidawali, hakusema mtandao ulisumbua. Alisimama akasema, “Niliambiwa nisome katikati, sikusoma. Nina madume saba zizini. Ijumaa nauza sita.”

Niliwanadi mimi mwenyewe wale sita. Niliwahi kunadi ng'ombe wa misiba, na wa mahari zilizorudishwa, lakini hawa sita waliniuma kuliko wote. Mnunuzi mmoja alipotaja bei ya kukata tamaa nilimwambia apishe wenye pesa, na hilo mnadi haruhusiwi kulisema. Fedha zikatimia. Chidawali akaziuza dola zake bila kuchukua faida.

Ijumaa iliyofuata, tukiwa kwa mama lishe, ubishi ukaanza. Mzee Chalo akasema simu apewe mtu mwingine, maana Ndahani ameshaonyesha anavyoweza. Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Ndahani mwenyewe akaitoa simu akaiweka juu ya meza. Siwafichi, ilikuwa vigumu kumtazama.

Bi Mbeleje, ambaye ndama wake wanne walikuwa wamefia njiani kiangazi kile, akauliza, “Tumpe nani?”

“Yeyote ambaye hajaibiwa,” akasema Mzee Chalo.

“Ambaye hajaibiwa atasoma nne za mbele na nne za nyuma kama walivyosoma wenzake,” akasema Bi Mbeleje. “Mimi dume wangu yumo humu. Mrudishieni Ndahani. Hakuna wa kuzisoma kwa hofu kama yeye.”

Mzee Chalo akajikuna kichwa. Kisha akaisukuma simu upande wa Ndahani.

Wakaketi pale pale kwa mama lishe. Safari hii Ndahani hakuigusa ile orodha. Alimwomba Mchina aitume anwani upya, akaipokea, akaanza kuisoma kwa sauti, na Sechelela akatia alama kwa kalamu kwenye kila herufi iliyolingana na daftari. Ndahani hakusema “d” tu, alisema “d ndogo.” Hakusema “hii,” alisema “tarakimu moja, siyo herufi.” Watu wakazunguka benchi, na mama lishe akaacha vitumbua vikaungua.

Walipofika ya nane, jua limeshapanda, wanunuzi wananiita nirudi uwanjani, Mzee Chalo uvumilivu ukamwishia. “Mwanangu, za mbele zimelingana. Ruka, tazama za mwisho, utume. Tutakesha hapa?”

Ndahani hakuinua macho. Akajibu taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemwambia mkubwa wake jambo alilolilipia. “Mzee wangu, ng'ombe hatambuliwi kwa pembe na mkia.” Kisha akasema, “Ya tisa. R kubwa.”

Hakuna aliyemharakisha tena. Walizimaliza zote thelathini na nne. Akatuma dola kumi, wakasubiri jibu la Mchina, likaja. Akaisoma anwani tena kuanzia mwanzo, zote, akatuma zilizobaki. Jibu la pili lilipoingia, Sechelela akalisoma, akafunga daftari, akaanza kulia, na Bi Mbeleje akamshika bega.

Pampu ilifika wiki ya saba. Siku maji yalipofunguliwa kwenye birika la mifugo, ng'ombe wa kaya zote kumi na mbili walikunywa nyumbani bila kutembea. Ndahani alikuwa amebakiwa na dume mmoja tu. Alipita mbele ya watu akiwa ameinua kichwa, na hakuna aliyemwonea huruma, kwa kuwa hakuna aliyeona kwamba amepungukiwa.

Chidawali naye alibadilisha somo lake. Anayekwenda kununua sarafu kwake leo hutakiwa kuisoma anwani yote kwa sauti kabla ya kuruhusiwa kutoka, na akinung'unika huambiwa maneno ya Ndahani. Hivyo yakatoka mnadani yakaingia mjini, yakarudi huku kwetu yakiwa methali. Siku hizi yanasemwa hata kwa anayechumbia, na kwa anayesaini karatasi ambayo ameisoma kichwa cha habari na mahali pa sahihi.

Mimi siwakatazi sarafu zenu. Ndahani mwenyewe bado anazitumia, na vipuri vya pampu ile hulipiwa kwa njia hiyo hiyo. Nunueni, tumeni, pokeeni. Lakini kabla kidole hakijagusa, mzungukeni mnyama mzima, mtazameni ubavuni. Ng'ombe hatambuliwi kwa pembe na mkia.