Kwa Nini Ngiri Huguna Kabla ya Kunyonyesha

Enzi hizo maziwa ya ngiri hayakuwa na saa. Yalitiririka kutwa, na mtoto mwenye njaa alijiendea tu kwa mama yake akanyonya chuchu yoyote aliyoikuta, hata mama awe amesimama anakula.

Ngiri mmoja, Mashavu, alizaa watoto wanne mwaka ambao mvua zilichelewa, na nyasi za mbugani zikabaki vishina vya kufukua kwa pua. Kila alipopiga magoti ale, watoto walimvamia. Walisukumana, wakang'atana, wakamng'ata na yeye. Wenye nguvu walihama chuchu hii kwenda ile mpaka wakamkausha. Kombo, mdogo wao kabisa, alisukumwa nje akabaki akilia. Mashavu hakula akashiba, wala hakulala akapumzika. Mbavu zikamtoka. Akafika mahali hata sauti za wanawe zikamchosha.

Asubuhi moja alijilaza mlangoni pa shimo, hajiwezi. Watoto wakaanza ugomvi wao, na kelele zikafika kwa chui. Mashavu alipomwona, chui alikuwa amekwishakaribia. Akajizoazoa, akawasukumia watoto shimoni. Kombo alikuwa nje, mbali na wenzake, kama siku zote. Chui akaondoka naye.

Mashavu hakulia, alichoka mno hata kulia. Aliwaita waliobaki.

"Wanangu, kila mmoja achague chuchu yake, asiguse ya mwenzake. Na maziwa hamyapati mpaka nigune. Nikiguna, njooni. Nikinyanyuka, yamekwisha."

"Na njaa ikituuma kabla hujaguna, mama?" aliuliza mkubwa wao.

"Mtaningoja. Mimi pia nangoja mvua."

Mchana wakamjaribu. Walimrukia kabla hajaguna. Akayabana maziwa, akaenda zake kula. Walimlilia, na moyo ulimuuma, ila hakugeuka. Aliporudi alijilaza, akaguna. Wakaja bila kelele, kila mmoja kwenye chuchu yake. Ya nne, ambayo ingekuwa ya Kombo, ikabaki wazi, imejaa, inauma.

Katika shimo hilo alilala pia Siwema, mdogo wake Mashavu. Alikuwa na binti mmoja, na maziwa yalikuwa yamemkauka. Alisimama kando na mwanawe, akiona haya kusema.

"Dada, huyu wangu tangu jana..."

"Mlete," Mashavu alisema, bila kufungua macho. "Ile pale haina mwenyewe."

Mtoto akasogea kwa woga, akaishika. Mashavu alishtuka kidogo kwa mdomo ule mgeni, kisha akatulia.

Na tangu siku hiyo, ngiri huguna kwanza ndipo maziwa yashuke, na hushuka kwa kitambo kidogo tu. Mtoto wa ngiri ana chuchu yake, na hurudi hapo hapo. Na ngiri majike walalao shimo moja hunyonyeshana watoto. Huyu ni wa nani, hawaulizani.