Mhanga, Kisima cha Wote na Shimo la Bi Nungunungu

"Wasikilizaji, mpo?"

"Tupo!"

"Masikio?"

"Wazi!"

"Midomo?"

"Imefungwa!"

Hapo zamani za kale kulikuwa na ukame. Wanyama wote walichimba kisima kimoja, na mfalme Simba akakizungushia ua wa miiba. "Kimekauka," akatangaza. "Na ni marufuku kuchungulia."

Bi Nungunungu alikuwa na mtoto mgonjwa. Miiba ilimpukutika mtoto huyo yote, akabaki ngozi tupu. Fisi angesikia, angemla siku hiyohiyo. Aliyejua ni Mhanga peke yake, maana ndiye aliyewachimbia wanyama mashimo yao. Nao walimweka awe mwangalizi, aingie popote, hata kwa mfalme.

"Dada Mhanga, mwanangu anakufa kwa kiu," Bi Nungunungu alilia. "Nenda ukakitazame hicho kisima."

Mhanga akaenda. Simba akamtolea asali. "Kula, ndugu yangu, urudi zako nyumbani."

"Mimi nala mchwa, mfalme. Na mchwa najichimbia mwenyewe."

Simba akanguruma. "Nitakufukuza kwenye shimo lako!"

"Nitachimba jingine."

Mara ya tatu Simba akamwita Fisi kutoka ng'ambo ya mto uliokauka, amsemee mbele ya wanyama wote. Na pua ya Fisi ilikwisha kunusa kitu.

"Kwetu sheria ni moja," Fisi akasema. "Kufunua ni kufunua. Kikifunuliwa kisima cha mfalme, na shimo la Bi Nungunungu lifunuliwe. Haki sawa!"

"Haki sawa!" wajinga wakaitikia.

Mhanga hakupandisha sauti. "Kisima tulichimba wote, basi wote tutachungulia. Mle shimoni hamna kitu chenu. Na wewe Fisi, huko kwenu fanyeni mpendavyo. Hapa kwa mtu hupigwa hodi. Hebu tuambie, una kiu au una njaa?"

Wanyama wakaangua kicheko. Fisi akafyata mkia, akavuka mto. Ua ukang'olewa. Kumbe maji tele, na watoto wa Simba wanaoga humo! Simba akanyang'anywa kisima. Mtoto wa Bi Nungunungu akanywa, akapona, miiba ikaota.

Ndiyo maana hadi leo Mhanga huchimba shimo, akaliacha, wala harudi kuuliza nani analala ndani.

Fundisho ni hili: cha wote kisifichwe, cha mtu kisianikwe, na anayelinda vyote viwili asilishwe na mkubwa yeyote.

Ngano yangu imefika mlangoni. Atakayeitaka tena, apige hodi.