Chandarua cha Mwanahawa, Nyigu wa Zaujati

Hapo zamani, wala si zamani sana, milimani Lushoto alikuwako mkulima aitwaye Shekiondo. Alikuwa na wake wawili na kitalu nyumba kimoja cha nailoni, ndani yake pilipili hoho tupu. Mke mkubwa Mwanahawa, mdogo Zaujati.

Inzi weupe walipoanza kunyonya majani, Shekiondo akatamka mbele ya wake zake na dada yake, Mwanaidi: "Atakayeiokoa hoho hii, kitalu hiki nitakiandika jina lake."

Mwanahawa akashona vyandarua vyenye dawa, akaziba kila dirisha la kitalu. Inzi wakigusa, wanakufa. Shekiondo akala kwa Mwanahawa siku tatu mfululizo. Chakula cha Zaujati kikapoa, akakila peke yake.

Wiki ya tatu wakaja vidukari, wadudu wafyonza utomvu, wadogo kuliko matundu ya chandarua. Wakapenya bila kuigusa dawa. Zaujati akaenda kituo cha utafiti, akarudi na chupa ya nyigu wadogo sana, wasiouma mtu, wanaotaga mayai ndani ya vidukari. Vidukari wakakauka. Shekiondo akahamia kwa Zaujati, akicheka huko mpaka Mwanahawa anamsikia jikoni kwake.

Mwanahawa akashindwa kuvumilia. Mchana mmoja, Zaujati alipokwenda kuchota maji, akachukua kipande cha chandarua chenye dawa, akakitandaza juu ya miche waliyokaa nyigu. Wakafa karibu wote.

Zaujati alipowaona wamekufa chini ya chandarua, alishika wembe, akachana vyandarua vya madirisha, kimoja baada ya kingine.

"Dada, umeniulia wadudu wangu!"

"Na wewe umechana jasho langu, mdogo wangu!"

Wakiwa wanatukanana, inzi waliingia na vidukari wakazaana. Nusu ya hoho ikanyauka.

Mwanaidi naye alikuwa akikitamani kitalu kile tangu siku kilipojengwa. Akawatoa mawifi zake wote wawili, akafunga mlango. Akashona palipochanika. Akaomba nyigu wengine kituoni, akawaachia katikati, mbali na vyandarua. Hoho iliyobaki ikapona, ikazaa mpaka matawi yakainama.

Shekiondo akawaita wote watatu, karatasi ya kitalu mkononi.

Mwanahawa akasema, "Bila chandarua changu, mume wangu, inzi wangemaliza yote mapema. Hata huyu wifi ameshona cha kwangu."

Zaujati akasema, "Chandarua kilishindwa na vidukari. Nyigu niliwaleta mimi, kwa miguu yangu."

Mwanaidi akasema, "Kaka, hawa waliharibu kwa wivu. Mimi ndiye niliyeponya."

"Kwa wivu?" wakasema wake wote wawili kwa sauti moja. "Na wewe ulitufungia mlango kwa huruma?"

Shekiondo akaangalia chini. Alijua ni yeye aliyekuwa akihama meza, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Haya, mnaonisikiliza: mmoja alizuia kisha akaua, mmoja alileta kisha akachana, mmoja aliunganisha vya wenziwe huku akivitamani. Je, karatasi ile iandikwe jina la nani?