Saa Kumi za Mrina Asali

Wapendwa, kulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, mstaafu, ambaye hakumwamini mtu yeyote anayetoa jibu bila kuonyesha njia. Ukimwambia leo Jumanne, anatafuta kalenda.

Mwalimu huyu hakuwa akisemezana na kaka yake. Miaka kumi na moja, kisa mpaka wa shamba. Siku moja akaletewa habari: kaka yako yu hoi, anakuita, anataka msameheane kabla hajafumba macho. Kaka alikaa upande wa pili wa mlima, na barabara ilikuwa imekatwa na maporomoko. Ilibaki njia ya miguu tu, ndani ya msitu usio na nyumba hata moja. Jioni akafika kwa mrina asali mmoja aliyeijua njia ile, akamwuliza ni mwendo wa saa ngapi.

Mrina asali akamwonyesha kisima juu mlimani. Alisema tu, "Mwalimu, panda kwanza pale kisimani, ukanawe uso."

Mwalimu akapanda, akanawa, akashuka, moyoni akisema: huyu ananiondoa apate nafasi ya kutunga uongo. Aliporudi akaambiwa, "Saa kumi. Tutoke saa kumi na moja alfajiri."

Mwalimu akatoa ramani, akapima kwa uzi. Kilomita kumi na sita. Mtu hutembea kilomita nne kwa saa. "Hizo ni saa nne," akasema. "Sita nyingine ni za nini?"

"Ni za njiani, Mwalimu."

Mnalisikia jibu hilo? Naye alilisikia, likamkera. Akaona huyu ana lake jambo. Bila shaka ana mizinga huko ndani, anataka kuipitia huku mgonjwa akingoja. Alfajiri alipoamshwa akakataa. Akanywa chai yake, akala viazi vyake, wakatoka saa tatu.

Njiani shaka ikazidi. Mrina akisimama chini ya mti, mwalimu anatazama juu kutafuta mzinga. Akimkatia fimbo, anaona anapotezewa muda. Akikaa kwenye gogo, mwalimu naye anakaa, anahema, na huku anamlaumu mwenzake kwa kukaa. Ikagonga saa saba mchana, nao hawajafika hata nusu.

Walitokeza ng'ambo saa moja, giza linaingia.

"Wewe ukiwa peke yako hutumia saa ngapi?" mwalimu akauliza.

"Nne, kama ulivyosema."

"Sasa ile kumi uliitoa wapi?"

"Kisimani. Sisi warina hatumjibu mtu kabla hatujamwona akipanda. Ulisimama mara tatu, Mwalimu, na goti lako la kushoto halikunjiki."

Mlangoni akapokelewa na mke wa kaka yake. "Shemeji, ametutoka saa kumi na moja jioni hii. Tulimwambia huji. Akasema, anakuja, mpeni muda, goti lile aliliumiza utotoni akinikimbilia mimi."

Hebu pigeni hesabu wenyewe. Angetoka alfajiri angefika saa tisa mchana. Saa mbili nzima wangeshikana mikono.

Ndugu zangu, hesabu ya mwalimu haikuwa na kosa. Ilikuwa hesabu ya mtu mwingine. Na sisi je? Tukiambiwa patana leo, tunamtazama msemaji kwa jicho la pembeni, tunajiuliza ametumwa na nani. Tunasema nitamwendea ndugu yangu baada ya mavuno, kwani ni mbali? Utakwenda kwa miguu ya nani?

Kutoka benchi la nyuma hadi la mbele humu kanisani ni hatua ishirini. Wako wawili hapa, mmoja nyuma, mmoja mbele, na wanajijua. Lakini mimi nimesimama mlangoni miaka mitatu nikiwatazama mnavyoingia, huyu kwa mlango mkubwa, yule kwa mlango wa pembeni. Kwa mwendo wenu huo, hatua ishirini ni safari ndefu sana. Anzeni kabla sijashuka hapa mimbarini.