Sanduku la Riwaya la Mama Loveness

Wahenga waliosema kwamba mali ya bahili huliwa na dudu hawakulitaja dudu lenyewe. Wengi wetu tukiisikia methali hii hudhani ni mafumbo tu, kwamba mchoyo akiwanyima wenzake, mwisho mali humtoka bila yeye wala mwingine kuifaidi. Eliona wa Old Moshi naye aliichukulia hivyo hivyo. Aliwafundisha wanawe methali hiyo kwa sauti kubwa, huku ufunguo wa sanduku lake ukining'inia shingoni.

Kila Alhamisi saa tisa, baada ya kukata majani ya ng'ombe, wanawake kumi na mmoja walikutana barazani kwa Mama Elimringi kufuma vitambaa kwa kroshia. Hawakufuma ili wauze. Walifuma kwa sababu walipenda, na kwa sababu kwenye kufuma kulikuwa na riwaya. Mmoja wao alipumzisha mikono na kuwasomea wenzake sura moja kwa sauti, kisha akampokeza mwingine kitabu na kurudi kwenye uzi wake. Riwaya zenyewe zilikuwa kuukuu, za kuokoteza katika marundo ya mitumba mjini Moshi. Nyingine hazikuwa na jalada, na nyingine zilikuwa zimechanika kurasa za mwisho, hata wasikilizaji wakabaki wiki nzima wakibishana ni nani aliyemuua tajiri. Sheria ya kikundi ilikuwa moja tu, kwamba kitabu kisilale nyumba moja zaidi ya wiki mbili.

Walikuwa pia na desturi ambayo ungeikuta kwa wafumaji hao tu. Kwa kuwa kitabu na uzi vilikaa kapu moja, hesabu za mafumo, yaani mitindo ya kufuma, waliziandika pembezoni mwa kurasa za riwaya. Aliyeazima riwaya aliazima na fumo.

Aliyeianzisha desturi hiyo alikuwa mama yake Eliona, ambaye wakati huo alikwisha kufariki. Katika riwaya moja isiyo na jalada alikuwa ameandika kwa penseli hesabu ya fumo alilolibuni mwenyewe, mistari sitini, akaliita ua la mbuni. Kitambaa chake kikitandikwa mezani, ungedhani mibuni yote ya kihamba, shamba la nyumbani, imechanua humo ndani. Kila binti aliyeolewa kutoka nyumba ile aliondoka na kitambaa cha ua la mbuni. Cha Eliona mwenyewe kilitandikwa juu ya jeneza la mama yake na kushuka nalo kaburini. Vya dada zake vilikwisha kuchakaa na kutupwa. Fumo likabaki katika kitabu kile tu.

Eliona alikuwa na riwaya thelathini na sita, za urithi na za kununua, zaidi ya mwanamke yeyote pale barazani. Za wenzake alizisoma zote, tena kwa pupa. Zake zilikuwa na udhuru kila Alhamisi.

"Mama Loveness, leo umetuletea nini?" Mama Elimringi alimuuliza siku moja.

"Shikamoo, mama. Leo nimesahau. Nilitoka mbio, ng'ombe alikuwa anasumbua."

"Marahaba. Huyo ng'ombe wako siku hizi anasumbua kila Alhamisi, mwanangu."

Wenzake walicheka. Eliona hakucheka.

Mara moja tu alilegea. Mwaka 1997 alimwazima jirani yake Beatrice kitabu kile cha mama yake, kwa wiki moja, baada ya kuombwa kwa miezi mitatu. Beatrice alikirudisha siku ya sita. Ukurasa mmoja ulikuwa na alama ya kidole chenye mtori, supu ile ya ndizi. Eliona alikipeleka kitabu barazani, akakifunua mbele ya watu wote na kusema, "Tazameni mtu anavyotunza kitu cha marehemu!" Beatrice aliinamisha kichwa na kuendelea kufuma, machozi yakidondokea uzi. Tangu siku hiyo riwaya zote zilifungiwa katika sanduku la mbao ndani ya ghala la zamani la kahawa, lenye sakafu ya udongo. Huko nyuma ghala hilo lilijaa magunia, lakini bei ya kahawa ilipoanguka lilibaki tupu na hakuna aliyeingia tena.

Miaka mitano baadaye Loveness, bintiye Eliona, alipata mchumba, na harusi ikapangwa mwezi wa Desemba, ndugu wote watakapopanda kutoka mijini. Mwezi wa nane Eliona alinunua uzi mweupe mabunda sita, akamwita binti yake, wakaenda ghalani kuchukua hesabu ya ua la mbuni.

Ufunguo ulizunguka vizuri. Kifuniko kilipoinuliwa, riwaya zilionekana zimepangwa kama zilivyoachwa. Eliona aliushika mgongo wa kitabu cha mama yake, nao ukabaki mkononi peke yake. Chini yake palikuwa na udongo. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni, wakatoboa mbao, wakala riwaya zote na kujaza vichuguu vyao mahali pa maneno. Eliona alichambua udongo ule kwa vidole mpaka jioni, akapata kipande cha karatasi kisichozidi ukucha. Hakikuwa na hata herufi moja.

"Mama, basi. Tutanunua kitambaa dukani," Loveness alisema.

"Cha dukani!" Eliona alijibu, akaketi chini ghalani na kulia kama siku ile ya mazishi.

Alhamisi mbili hakuonekana barazani. Ya tatu, Beatrice, aliyekwisha kusikia habari ya mchwa, alibisha hodi kwake akiwa na daftari kubwa lililofungwa kwa khanga.

"Mama Loveness, nimekuja kukiri kosa," alisema akiwa bado amesimama mlangoni. "Ile wiki uliyoniazima kitabu, nilinakili ua la mbuni. Sikukuomba ruhusa kwa sababu nilijua utakataa."

"Uliiba?"

"Niliiba. Ndiyo maana siku ile uliponisema sikukujibu. Niliona nimestahili."

Eliona alilipokea daftari na kulifunua magotini. Mistari ilikuwa imepangwa kwa mwandiko wa Beatrice, vifundo vingapi vya kufuma na vingapi vya kuruka. Kwenye mstari wa kumi na nne alikwama. Baada ya hesabu palikuwa pameandikwa: "Eliona ameamka, analia. Nimeishia hapa."

"Hii ni nini?"

"Sijui, dada. Ilikuwa pembeni mwa hesabu, nikaogopa kuiacha isije ikawa sehemu ya fumo. Nilinakili kila kitu. Hata ule wa thelathini na moja."

Eliona alifunua haraka. Mstari wa thelathini na moja ulimalizika hivi: "Homa ya mtoto imeshuka. Mungu ashukuriwe. Naendelea."

Mwenye kitabu alikuwa na maneno hayo miaka yote, naye hakuwahi kuyasoma, kwa kuwa hakuwahi kukaa kulifuma lile fumo. Aliliweka daftari usoni, akalia kwa sauti. Aliyaona mapenzi ya mama yake na aibu yake mwenyewe kwa pamoja, na asingeweza kusema ni lipi lililomuuma zaidi. Mwandiko wa mama ulikuwa umekwenda na hautarudi.

"Aika, Beatrice," alimshukuru hatimaye kwa Kichaga. "Aika sana. Na ule mtori... nisamehe."

"Nilikuwa nasoma huku nakula. Kitabu kilikuwa kitamu mno."

Alhamisi iliyofuata Eliona alifika barazani kabla ya wote. Hakuwa na riwaya hata moja ya kutoa, na kila mtu alijua. Alifungua daftari la Beatrice akawasomea wenzake ua la mbuni, mstari kwa mstari, nao wakaandika pembezoni mwa vitabu vyao. Alipofika wa kumi na nne, mmoja wao alinyanyua kalamu kuuliza kama na hayo yaandikwe.

"Andikeni yote," Eliona alisema. "Msiache kitu."

Loveness aliondoka na kitambaa chake mwezi wa Desemba. Katika vitabu vyote thelathini na sita, yaliyosalia duniani ni yale tu yaliyonakiliwa kutoka kile ambacho Eliona mwenyewe alikitoa kwa wiki moja, tena kwa kununa. Vilivyobaki alivifungia visiguswe na mtu, na kweli mtu hakuvigusa. Mali ya bahili huliwa na dudu.