Hotuba Mbele ya Kiti Kitupu

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake haihitaji miwani. Kitu kizuri hufuatwa kilipo, hata kikiwa uvunguni. Kibaya ndicho kinachozungushwa mlango kwa mlango, kikisifiwa mpaka anayekisifu anakaukiwa mate. Methali hii watu hufundishwa wakiwa wadogo, huikariri, hupewa vema kwenye daftari, kisha hukua na kuisahau. Mama Soli hakuisahau. Angeisahau vipi, ilhali mdogo wake wa tumbo moja ndiye aliyekuwa bingwa wa kutembeza?

Mama Soli alikuwa msimamizi wa kiwanda cha viatu alichoachiwa na baba yake. Kilikuwa banda refu la bati nyuma ya kituo cha mafuta, lenye safu mbili za cherehani nzito, meza za kukatia ngozi, na harufu ya gundi iliyokwisha kuingia hadi kwenye kuta. Baba aliacha mashine, akaacha na desturi moja: kila fundi hugonga alama yake ndani ya ulimi wa kiatu alichokishona. Mmoja alikuwa na nyota, mwingine jembe. Kiatu kikifumuka kabla ya wakati wake, hakuna kusingiziana. Alama inamsema mwenyewe. Alama ya Mama Soli, tangu siku alizokuwa msichana wa kukaa kwenye cherehani, ilikuwa ufunguo.

Tatizo lilikuwa mtambo wa kukandamizia soli. Ulikuwa umezeeka kuliko mafundi wengi pale, na vipuri vyake havikuwa vikitengenezwa tena popote. Kila asubuhi fundi wa soli, mtu wa mzaha aliyeitwa Kiraka, aliupigapiga ubavuni na kuubembeleza, "Mzee, leo tena, usituaibishe." Siku ambayo mzee angegoma kabisa, kiwanda kingefungwa na mafundi wote wangerudi kwao mikono mitupu. Mtambo mpya ulihitaji mbia mwenye uwezo, na kila mwenye uwezo aliyekuwa karibu aliona ni heri ajenge nyumba za kupangisha.

Kwa bahati, au tuseme kwa balaa, mdogo wake Mama Soli alikuwa Afisa Uwekezaji wa mji. Kazi yake ilikuwa kuvuta wawekezaji kutoka ng'ambo. Watu walimwita Bango, kwa sababu hakuwahi kukutana na shida ambayo hakuitundikia bango. Alisafiri nchi za watu na masanduku ya vipeperushi, akarudi na mifuko ya nguo yenye nembo za makongamano, na kalamu za kugawa ambazo nyingi hazikuandika. Mwekezaji, hata wa dawa, hakuna.

"Safari hii wanakuja?" Mama Soli alimuuliza kila aliporudi.

"Dada, uwekezaji si mambo ya papara. Kwanza tunajenga taswira."

"Na taswira ikishajengwa, itanikandamizia soli?"

"Wewe nawe!" Bango alicheka, akampa kalamu.

Basi siku moja simu ya kiwandani ililia. Aliyepiga alikuwa mama wa ng'ambo, mwenye kampuni ya mabuti ya wachimba migodi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, alichokipata katika miaka mingi ya kununua ngozi huku na huku, lakini kilieleweka. Alisema aliwahi kununua viatu sokoni katika nchi ya jirani, akavivaa mvua na jua, vikakataa kuchakaa. Ndani ya ulimi kulikuwa na ufunguo mdogo. Ameuulizia ufunguo huo kwa wauza viatu mpaka akaipata namba hii. Naye alikuwa akitafuta mahali pa kuweka mitambo yake mipya.

"Nakuja siku moja tu, jioni napanda ndege," alisema. "Nataka kuona watu wanashona. Basi."

Mama Soli alikata simu akiwa na furaha tele. Kisha akafanya kosa ambalo alilijutia kabla hata halijapoa. Alimwambia ndugu yake.

Jua halijatua, kamati ya mapokezi ikawa imeundwa. Ikazaa kamati ndogo ya mapambo, na zote mbili zikawekewa kamati ya kuzisimamia. Mama Soli hakuwamo hata katika moja. Bango alisema kwamba yeye ni mtu wa gundi, mambo ya itifaki ayaachie wenyewe. Siku chache baadaye akaja kiwandani na agizo.

"Dada, siku ya mgeni kiwanda kitafungwa."

Mama Soli aliweka mkasi mezani. "Kitafungwa? Si anakuja kuona kiwanda?"

"Ndiyo maana lazima kipendeze! Mashine zikinguruma hotuba zitasikika vipi? Na hiyo gundi inanuka. Halafu mafundi tunawahitaji barabarani wapunge bendera."

"Bango. Mdogo wangu. Mtoto wa mama yangu. Mtu amesema kwa mdomo wake anataka kuona watu wanashona."

"Hiyo ni adabu tu. Wageni wote husema hivyo."

Mama Soli alibisha mpaka koo likamkauka. Bango alipoona maji yamezidi unga, akampigia simu mama yao, na mama yao akampigia Mama Soli. "Mwanangu, mpe mwenzio nafasi. Wewe ndiye mkubwa, jishushe. Hiyo ni damu yako." Nani atashindana na mama? Mama Soli alikubali shingo upande, na siku ilipofika akaufunga mlango wa kiwanda kwa mkono wake, funguo akazitia kifuani. Juu ya mlango huo, pale baba yake alipoandika jina la kiwanda kwa rangi, vijana wa mapambo wakatundika bango la kukaribisha.

Ndani, cherehani zilikuwa zimefunikwa vitambaa vyeupe na kufungwa riboni. Nje, mafundi walisimama juani tangu asubuhi, wamevishwa fulana zenye picha ya mgeni. Gari lilipofika, akashuka mama mfupi mwenye mvi, amevaa viatu vyake vilevile vya kahawia. Aliitazama fulana ya Kiraka, akaitazama tena. Picha ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke mwingine kabisa, mwenye jina kama lake, aliyeokotwa huko mtandaoni.

Mama Soli alitamani ardhi ipasuke immeze. "We Bango, huyo siye!" alimnong'oneza.

"Ukisimama mbali wanafanana," Bango alijibu bila kuacha kutabasamu.

"Kiwanda wapi?" mgeni aliuliza.

"Ni hiki hapa, mheshimiwa. Tumekifunga kwa heshima yako!" Bango alisema kwa fahari, na mkalimani aliyekodiwa, ambaye hakuna aliyemhitaji, akaitafsiri fahari hiyo neno kwa neno.

Mgeni akapelekwa kwenye hema lililosimikwa kando ya kiwanda na kuketishwa kwenye kiti kipana kilichovalishwa kitambaa cha dhahabu. Kwaya ikaimba. Kisha akasema mwenyekiti, akasema makamu wake, akasema na aliyetumwa kumwakilisha mtu ambaye hakuweza kufika, na kila mmoja alianza kwa kudai kwamba hana mengi. Ikaonyeshwa filamu ya kuusifu mji, lakini jua lilikuwa kali na hakuna aliyeona kitu. Mama Soli, aliyewekwa mstari wa nyuma kando ya spika, alikuwa akiitazama saa na kuhisi damu ikimchemka. Ile siku moja tu waliyopewa ilikuwa inaliwa, na waliokuwa wakiila wenyewe walikuwa wakipiga makofi.

Ilipofika zamu ya Bango kusoma hotuba kuu, mgeni alikuwa hatulii kitini. Mara akainuka, akaja nyuma taratibu, akainama sikioni mwa Mama Soli.

"Dada, choo?"

Jamani! Kamati zote zile, na hakuna hata moja iliyokumbuka kwamba mgeni ni binadamu. Choo kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa ndani ya kiwanda. Mama Soli alizitoa funguo kifuani, akamshika mgeni mkono, wakazunguka kwa mlango wa nyuma.

Mgeni alipotoka chooni alisimama katikati ya banda, akizitazama zile safu za vitambaa vyeupe. "Hizi... wamekufa?"

"Hazijafa, mama," Mama Soli alisema kwa hasira aliyoifuga tangu alfajiri. "Mdogo wangu amezivisha sanda."

Mgeni alivua kiatu kimoja, akakunjua ulimi wake, akaelekeza kidole. "Nani ufunguo?"

"Mimi."

Mama Soli hakungoja kuambiwa. Aliikata riboni kwa mkasi, akakitupa kitambaa sakafuni, akawasha umeme, akaketi kwenye cherehani yake ya zamani na kuvuta kipande cha ngozi. Sindano ikaanza kukimbia. Kiraka, aliyekuwa ameegemea ukuta wa nje kutafuta kivuli, alisikia mngurumo akachungulia. "Haa! Kumbe kazini!" Akaibwaga bendera yake pembeni na kuingia. Nyuma yake wakaingia wa nyota, wa jembe na wengineo, mpaka barabara ikabaki haina mtu na banda zima likanguruma.

Mgeni alipita meza kwa meza. Alipima uzi kwa kucha, akanusa gundi, akauliza, akacheka. Walipofika kwenye mtambo wa soli, Kiraka aliupigapiga ubavuni kama kawaida yake. Ukakohoa, ukatoa moshi, ukanyamaza.

Bango angekuwepo, angetafuta la kusema. Mama Soli alikuwa amechoka na maneno. "Umezeeka," alisema. "Kipuri hakuna. Huu ndio unaotumaliza."

Mgeni aliuzunguka mtambo, akaugusa, akatikisa kichwa. "Mashine, mimi ninayo. Nyingi. Mtu wa kuweka alama yake ndani ya kiatu, sina." Akanyoosha mkono, na Mama Soli akaupokea kwa wake, uliokuwa bado na gundi.

Na kule hemani? Kule, Bango alikuwa amezama katika mazingira bora ya uwekezaji. Aliinamia karatasi zake bila kuinua kichwa. Mashine zilipozidi kunguruma, aliagiza spika ziongezwe sauti. Kwenye kile kiti cha dhahabu hapakuwa na mtu, lakini wazee wa kamati waliona haya kumkatiza, na mkalimani, mtu wa watu, alikuwa ameinama kando ya kiti akikitafsiria.

Mgeni alipopita kwenda garini, Bango alimkimbilia na karatasi mkononi. "Mheshimiwa, bado kidogo! Hatujafika kwenye vivutio!"

"Nitarudi," mgeni alisema. "Siku ya kazi. Wewe, usinipokee."

Mkalimani akamgeukia Bango, akamrudia maneno yale yale kwa Kiswahili, asije akawa hakuelewa.

Mtambo mpya uliwasili kabla ya mvua. Haukupokewa na mtu ila Kiraka, aliyeupigapiga ubavuni akaukaribisha kazini. Wiki hiyohiyo Bango akaingia kiwandani, uso umemng'aa kama aliyeshinda uchaguzi.

"Dada, umeona matunda ya kampeni yangu? Mwezi ujao nasafiri tena, nikawasimulie wawekezaji tulivyofanikiwa. Nataka bango kubwa. Nipe maneno ya kuweka."

Mama Soli alimtazama. Mkono ulimwasha kumrushia soli. Lakini huyu alikuwa damu yake, na mama yao alikuwa bado na simu.

"Andika: Chema chajiuza."

Bango akatoa kalamu ya kongamano, akaandika, kalamu ikakataa, akaitikisa. "Mbona fupi? Methali hiyo si ina nusu nyingine?"

"Nusu nyingine usiiandike, mdogo wangu. Hiyo panda nayo ndege."

Kiraka alicheka mpaka akashika mbavu. Bango alibaki akiitikisa kalamu yake, asijue acheke au akasirike, na kando yake mtambo mpya ulikandamiza soli jozi baada ya jozi bila kusemewa na mtu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.