Kiboko, Mgeni Rasmi wa Mwambani

Kwani redio imekufa? Mtu ametoka kuchambua choroko, mgongo unamlia ka-ka-ka, nanyi mmeshamzunguka kama nzi: "Bibi, hadithi! Bibi, hadithi!" Hata maji ya kunywa hamjaniletea. Na leo nina hasira. Basi nitawapa hadithi ya hasira, asiyeitaka akaoshe masufuria.

Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni iingie!
Ina matope miguuni!
— Iingie, tutapiga deki!

Haya. Hapo kale misitu yote ilikuwa na mkubwa mmoja wa maradhi. Si mafua, si upele, hayo yalikuwa na wenyewe. Huyu alikuwa mkubwa wa maradhi yasiyoondoka, yale unayolala nayo ukaamka nayo, na ya moyo mzito, unaomfanya mtu akeshe akitazama ukuta. Mkubwa huyo alikuwa Kiboko. Ukubwa aliupataje? Alikuwa na kinywa kipana. Basi.

Ukingoni mwa bwawa lake paliota majani machungu, dawa ya sukari, na hayakuota penginepo. Wakubwa wenzake wakija kutoka misitu mingine kuzungumzia wagonjwa, Kiboko aliwatandikia majani hayo wayatafune wakizungumza. Kwafu, kwafu, kwafu! Wakishiba, wanakubaliana kwamba hali ya wagonjwa ni mbaya sana, kisha wanapanga mkutano mwingine. Mmeona mambo?

Sasa, juu ya mwamba aliishi Pimbi, yule mnyama mdogo asiye na mkia. Mama yake alikuwa na sukari. Kidonda cha mguuni kilikataa kufunga, na moyo nao ukakata tamaa. Mama wa watu akageukia jiwe, hasemi, hali. Pimbi akaona, nikikaa hapa nitazika. Akashuka, tuku, tuku, tuku, mpaka bwawani.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mimi Pimbi. Mama yangu anaumwa. Naomba majani, konzi moja tu."

Kiboko akafungua kinywa, mwaaa! "Kijana, wewe unamzungumzia mama yako. Mimi ninawazungumzia akina mama wote chini ya jua." Akafunga kinywa, pwa!

Pimbi akarudi mikono mitupu. Kesho yake akashuka tena, tuku, tuku, tuku.

"Shikamoo, Mkuu. Mama sasa hali kabisa."

Mwaaa! "Subira, kijana. Tunaandaa mkakati." Pwa! Na jani lilikuwa limemnasa kwenye jino, lile lile la dawa!

Ninyi mngefanyaje? Mngelia. Pimbi hakulia. Alijibanza kwenye matete, akamtazama Kiboko akipokea wageni. Akaona kwamba mkubwa huyu hukataa kila kitu isipokuwa kimoja, kiti cha mbele. Akatoka kwenye matete.

"Shikamoo, Mkuu wetu, Mwenyekiti wa Wenyeviti. Leo siombi kitu. Tuna mkutano mwambani kuhusu wagonjwa, na hatuna mgeni rasmi."

Masikio ya Kiboko yakacheza, piri, piri! "Kiti changu kitakuwa wapi?"

"Juu kabisa, Mkuu. Kila mtu atakuona."

"Na cheo changu watakitaja?"

"Chote. Kila msemaji."

Asubuhi ukoo mzima wa pimbi ukamsukuma makalio kupanda mwamba. "Heee-ya! Heee-ya!" Akafika kileleni, akakaa. Na desturi ya mikutano ilikuwa hii, na aliiweka Kiboko mwenyewe: mgeni rasmi hainuki kabla ya neno la shukrani. Akiinuka, cheo kimeanguka.

Akasimama pimbi mmoja. "Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Maradhi Yasiyoondoka na Mioyo Mizito, Mwenyekiti wa Wenyeviti, Mlezi wa Bwawa..." Mpaka amalize vyeo, jua limepanda. Akasimama mwingine, akaanza vyeo upya. Jua likapanda. Akasimama mwingine. Jua likawaka, jiii! Ngozi ya Kiboko ikaanza kulia, ka! ka! kama ukoko wa ugali sufuriani.

"Fupisheni," akanong'ona.

"Tufupishe cheo chako, Mkuu? Hatukulelewa hivyo!"

Kiboko akaona, cheo na kife. Akainuka, akatazama chini. Lo! Mteremko mtupu, na miguu yake si ya pimbi inayonata kwenye jiwe. Akakaa tena, puu!

"Maji! Pimbi, mwanangu, maji! Ngozi yangu inapasuka!"

Pimbi akafungua kinywa chake kidogo, mwi! "Mkuu, wewe unaizungumzia ngozi yako. Sisi tunazizungumzia ngozi zote chini ya jua."

"Nakufa!"

"Subira. Tunaandaa mkakati."

Mama Pimbi akasikia makelele, akachechemea mpaka mlangoni pa pango.

"Nani analia hivyo?"

"Mkuu wa maradhi, mama. Ana kiu."

"Mate anayo?"

"Anayo kidogo."

"Basi ameze."

Akacheka. Tangu masika alikuwa hajacheka, sasa akacheka mpaka akashika mbavu. Kiboko hakucheka. "Chukueni majani! Chukueni ukingo wote! Mbele ya mashahidi!" Ndipo wakammwagia maji, wakakubaliana naye sharti moja zaidi, wakamteremsha kwa kamba, buru, buru, buru, mpaka bwawani, chubwi!

Fundisho ni hili, wajukuu zangu: mheshimuni mkubwa. Msimnyime kitu. Mpeni kiti cha juu kabisa, kisicho na kivuli, na mumsifu polepole.

Hadithi imechoka nami nimechoka, aliyesinzia ana nusu yake.

"Lakini bibi," Chausiku naye, "si majani yaliota yenyewe? Kiboko alilipa nini?"

Alilipa sharti. Kila asubuhi aliyabeba majani mgongoni mwenyewe, akayafikisha chini ya mwamba, kisha akakaa mbele ya yule mama, aliyeteremshwa na wanawe, kinywa kimefungwa, amsikilize mpaka amalize. Na mama Pimbi alianzia siku ya harusi yake. Masika yakaja, yakapita, bado hajamaliza habari za mama mkwe.